Vidole Viwili vya Akiba

Jumatatu, 4 Machi

Kuanzia leo naandika. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kusoma najua na kuandika najua, na atakayeuona mwandiko wangu mbaya afumbe macho. Naandika kwa sababu katika nyumba hii kuna mtu anachezea vitu vyangu, na kila nikisema naambiwa mama umesahau, bibi umesahau. Sijasahau. Siku ya kusema ikifika nitafungua daftari nisome, tuone nani amesahau.

Jambo lenyewe ni hili. Mkasi wangu wa kitambaa hulala kulia kwa cherehani, ncha zikitazama dirisha. Umelala hivyo tangu mume wangu yu hai. Leo asubuhi nimekuta ncha zinatazama mlango. Mkasi hauna miguu.

Jumanne, 5 Machi

Mvua kutwa. Mkwe kaunguza maharage, kasema ni moshi wa kuni mbichi. Kuni zangu hazijawahi kuwa mbichi.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua haijakata. Leo niandike watu wa nyumba hii, nisije kuambiwa nasingizia nisiowajua.

Mwanangu ni fundi bomba. Kutwa anaziba maji ya watu, ya kwake yanamwagika kitandani. Upepo wa mwisho wa Februari uliezua paa la nyumba yake, akaja kwangu na mkewe na magodoro mpaka bati lipatikane. Nimewapa chumba cha mbele. Sikuwanyima.

Mkewe ni mpishi wa shule. Mnene, mpole, sauti ya chini. Sauti ya chini siipendi. Mtu asiye na la kuficha huongea akasikika.

Wa tatu ni mjukuu wangu. Namwita Mke Mwenza, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kike, naye huniambia nimwachie mume, ingawa mume mwenyewe yuko kaburini. Ni mtoto wa binti yangu, kitinda mimba wangu, aliyekwenda kufanya kazi mbali, akarudi na mtoto mgongoni, homa ikamchukua kabla mtoto hajaota jino. Nimemlea mimi. Sasa msichana mzima, amemaliza shule.

Na kuna karatasi. Nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea nimepigilia msumari, na kwenye msumari zinaning'inia karatasi za kaki: kifua, mgongo, mkono, kola. Ni vipimo vya binti yangu, nilivyomkatia gauni la safari. Mjukuu alipofikia kimo cha mamake nilizishusha nikamkatia gauni. Sikumpima. Nipime nini, na damu ni ile ile? Tangu hapo kila gauni lake linatoka kwenye karatasi zile, na kila akivaa namwambia, huyo hapo mamako amesimama. Futi yangu ya kupimia huning'inia shingoni kwa ajili ya wateja.

Jumanne, 12 Machi

Bobini, kile kichuma cha uzi wa chini, nilikiacha na uzi mweusi kwa ajili ya suruali ya dereva. Leo nimekikuta na uzi wa kijani. Nimemuuliza mkwe. Akasema hajui hata bobini ni nini. Nani kamuuliza kama anajua? Nimemuuliza kama amegusa.

Jumapili, 17 Machi

Leo nimeambiwa jambo. Tulikuwa mezani, mvua inapiga bati mpaka huwezi kusikia mtu anatafuna, na Mke Mwenza akachagua wakati huo kusema amepata nafasi chuo cha uuguzi. Chuo kiko mbali. Analala huko huko. Wanaanza mwezi wa tano.

Mwanangu akapiga makofi. Mkwe hakushangaa. Mimi namwangalia, yeye anachota mboga kama aliyekwisha kusikia. Kwa hiyo habari ya mjukuu wangu, niliyembeba mgongoni huku nakanyaga cherehani, imepita kwa mke wa mjomba kabla haijafika kwangu.

Nikasema mbali ni mbali, na mtu mmoja wa nyumba hii alishaonja mbali. Mke Mwenza akasema polepole kwamba yeye anakwenda kujifunza kutibu homa. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Sasa naunganisha. Mtoto akiondoka, chumba chake kinabaki wazi. Nani anataka chumba? Mgeni akikaa sana huanza kupima madirisha kwa macho.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Sikuongea na mtu.

Jumamosi, 23 Machi

Nimeshika ushahidi kwa mikono yangu.

Kabla sijasema, niandike ninavyoshona. Nguo yangu ndani ya mshono wa ubavuni ina akiba ya vidole viwili. Mafundi wa siku hizi wanabana kitambaa, ukinenepa kidogo imekula kwako. Mimi naacha vidole viwili kila upande, na anayejua kazi akiigeuza nguo ndani nje atasema hii ya nani.

Leo jua limechungulia kidogo, tukaanika. Gauni la kijani la Mke Mwenza lilianikwa ndani nje. Nimepita nikaona mshono wa ubavu. Nikaupapasa. Akiba hakuna. Kimebaki kidole kimoja chembamba, na pembeni yake kovu la mshono wangu wa zamani, vitobo vimejipanga kama nyayo za kuku. Mtu amefumua mshono wangu akapanua gauni. Nikaenda kabatini, nikatoa la maua. Hivyo hivyo. La zambarau, hivyo hivyo.

Nikakaa kitandani. Nikawaza, gauni linapanuliwa na nini? Linapanuliwa na mwili mkubwa. Na mwili mkubwa katika nyumba hii ni mmoja, unapika shuleni.

Kwa hiyo anazivaa! Mtoto akienda kwenye mambo yake, yeye anajipachika gauni la binti wa watu, anafumua, anapanua, anarudisha kabatini. Nguo zenye umbo la marehemu binti yangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi kwangu kiko nguoni kweli kweli.

Nguo nimezirudisha zilipokuwa. Nataka nimshike.

Ijumaa, 29 Machi

Nimesaga chaki ya kuchorea kitambaa nikanyunyiza sakafuni chini ya cherehani, pale mguu unapokanyaga. Kidogo tu, kama vumbi. Kesho napeleka mapazia kwa mteja. Nitachelewa makusudi.

Jumamosi, 30 Machi

Nimerudi na mvua mgongoni. Sikuvua hata kilemba. Chumba cha kushonea kilikuwa kimefagiliwa safi, chaki hakuna hata chembe. Nani hufagia chumba changu? Hakuna anayeruhusiwa.

Nikaenda jikoni. Mwanangu alikuwa anarekebisha koki, Mke Mwenza anaosha vyombo, mkwe kakaa kwenye kigoda anachambua mchele, miguu kainyoosha. Nyayo nyeupe.

Nikamwambia, "Mkwe, geuza nyayo."

Akageuza. Mwanangu akaacha koki, akauliza kuna nini tena mama. Nikamwambia anyamaze, hiki ni kikao. Nikayasema yote: mkasi, bobini, gauni la kijani, la maua, la zambarau. Nikasema mimi nimewapa watu paa na mtu ananilipa kwa kujaza mwili wake kwenye nguo za mtoto. Mwanangu akasema mkewe hata kuingiza uzi kwenye tundu la sindano hawezi, vifungo vyake yeye anavishona mwenyewe. Nikasema mwizi huenda shule kimya kimya.

Mkwe hakunitazama mimi. Alimtazama Mke Mwenza. Mtoto alikuwa kashika sahani, maji yanachuruzika, hasuuzi wala haweki chini. Mdomo ulimfunguka. Mkwe akamtikisia kichwa, kidogo sana. Nikajua anamtisha asiseme.

"Mama," akasema kwa sauti yake ile ya chini, "kama umeona ni mimi, basi ni mimi."

"Hilo ndilo jibu lako?"

"Ndilo nililo nalo."

Nikamwambia jibu hilo analo, lakini mahali pa kulala kwangu hana. Nilisema hivyo. Sikupiga kelele.

Jumapili, 31 Machi

Wamehama. Nusu ya paa lao ni turubai. Mwanangu amebeba godoro kichwani, hakuniaga. Mvua haikuwasubiri.

Jumamosi, 6 Aprili

Nyumba ina nafasi. Mkasi umelala unavyotakiwa. Maharage hayaungui.

Mke Mwenza haongei. Nikimtania ananijibu ndiyo bibi, hapana bibi, kama karani. Ana nini cha kunionea haya?

Ijumaa, 12 Aprili

Nimemkatia gauni jipya, la buluu, kwa karatasi zile zile. Alipolivaa nikamwambia huyo hapo mamako. Akasema ahsante bibi, akalivua upesi.

Jumatatu, 15 Aprili

Naandika haraka, kabla mtoto hajarudi.

Leo Mke Mwenza ametoka na gauni la zamani. La buluu nimelikuta limekunjwa chini ya mto wake. Nimeligeuza. Akiba hakuna. Na mkwe hajakanyaga hapa tangu aondoke.

Nikalipeleka dirishani. Mshono mdogo, umenyooka, kila hatua sawa na mwenzake. Naandika kwa uchungu: mshono mzuri. Na mwisho wake umerudi nyuma mara mbili kabla ya kukatwa uzi. Mafundi wengine hurudi mara moja. Mara mbili ni mimi, na mama yangu kabla yangu. Aliyekaa miguuni pangu akiokota pini na kuangalia mkono wangu ukirudi mara mbili ni mtoto mmoja tu.

Kwa hiyo ni yeye. Nilimfukuza mtu kwa kosa la mwingine? Hilo nimeliweka kando kwanza, maana limekuja jingine kubwa zaidi. Msichana anayefumua nguo zake kwa siri, anazipanua ubavuni, ana nini ubavuni?

Mamake alirudi na mtoto mgongoni. Huyu anataka kuondoka naye tumboni.

Jumatano, 17 Aprili

Namchunguza. Asubuhi kala chapati mbili. Jioni kakataa ndizi. Zamani alikuwa hakatai ndizi.

Alhamisi, 18 Aprili

Kala ndizi nne. Mbaya zaidi.

Jumamosi, 20 Aprili

Nitaandika mpaka wino uishe.

Chuo kinataka sare: gauni la rangi ya mawingu, kola nyeupe, mifuko miwili. Nilisema sare ya mjukuu wangu haitashonwa na mtu mwingine nikiwa na macho. Nimeikata jana, kwa karatasi za msumarini. Leo nikamwita ajaribu. Na nilikuwa nimetega mtego wa pili: mara hii sikuacha akiba. Nusu kidole tu, asipate pa kufumua. Nikasema kama kuna tumbo, leo litajitangaza.

Akaivaa. Nikapandisha zipu ya ubavuni, ikapanda mpaka kiunoni bila shida, ikapita. Nikashangaa. Ikafika juu, ikagoma. Nikavuta. Akashusha pumzi, nikavuta tena, ikafunga. Alisimama mbele ya kioo kama mtu aliyefungwa kamba, viwiko vimebana mbavu.

Nikamwambia inua mikono, nesi huinua mikono. Akasema, "Bibi, tafadhali." Nikamwambia inua. Akainua. Gauni likapasuka mgongoni kutoka bega hadi bega, mlio wake ukashinda mvua.

Nikamshika mkono. Nikamuuliza bila kuzunguka, "Hiyo mimba ni ya nani?"

Akanitazama. Akacheka, kicheko kikamgeuka katikati kikawa kilio, akakaa sakafuni na sare yake iliyopasuka, mgongo wote uko nje. Akasema, "Bibi, mimba inakaa mabegani?"

Nikatazama mgongo. Mgongo mpana, mabega mapana, yamenyooka kama mlango. Ukoo wa baba yake wa huko mbali, watu wa kubeba magogo, mamake alinisimulia. Nimeuogesha mgongo huo alipokuwa mchanga, na sikumbuki mara ya mwisho niliutazama lini. Kila akisimama mbele yangu mimi nilitazama gauni.

Akanieleza akiwa pale pale chini. Kwamba tangu gauni la kwanza hakupumua vizuri. Kwamba alijifunza kufumua mwenyewe, ninapokwenda kwa wateja, akiwa kaegemeza mlango kwa mguu. Kwamba mkwe aligundua wiki ile ya kwanza walipohamia: alimkuta kwenye karai anashindwa kuinama. Akamwambia mwambie bibi yako. Yeye akamsihi asiseme. Siku ya chaki ni mtoto aliyekanyaga, akaacha nyayo chumba kizima, mkwe akaja kufagia amsitiri.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Mimi si mtu wa kuuma.

"Kila nikivaa unasema mama amesimama hapo," akasema. "Ningekwambiaje kwamba hayupo?"

Akafuta pua kwa mkono wa sare, wala sikumkemea.

"Nimefumua mpaka mwisho, bibi. Akiba yote imekwisha. Sijawahi kuvaa nguo yangu."

Nilikwenda mlangoni. Msumari ulikuwa na kutu, karatasi zimekuwa laini kama kitambaa kwa kushikwashikwa. Bega la binti yangu linaenea kwenye kiganja changu. Alikuwa mwembamba, mwenye haraka, alicheka kabla hujamaliza mzaha. Siku anaondoka nilimwambia gauni limekukaa, akaniambia limenikaa mama, akanyanyua mikono yote miwili kunionyesha. Binti yangu amekufa. Nimemzika mwenyewe, na kila mwaka nilikuwa namfufua kwa mkasi na kumvika mtoto wake mzoga huo, kisha nauliza kwa nini mtoto anataka kuondoka.

Nikavua futi shingoni. Nikamwambia simama.

Bega hadi bega. Nikapima mara mbili, nilidhani nimekosea. Kifua. Kiuno, ambacho hakina kitu ila ndizi. Urefu wa mkono. Alisimama kama anayeguswa na mgeni. Nikamwambia una mabega ya mpagazi, Mke Mwenza. Akasema ni ya kugeuzia wagonjwa, bibi. Nikaona jibu hilo si la mamake. Mamake asingejibu hivyo. Hilo ni lake.

Vipimo nimeviandika humu ukurasa wa nyuma, na tarehe. Zamani niliviweka kichwani. Lakini mwili haukai, na kichwa changu kilikuwa kimejaa.

Jumapili, 21 Aprili

Nimekata sare nyingine. Kielelezo cha mifuko nimekikata kwenye ile karatasi ya kaki ya mgongo wa binti yangu. Mkasi wa karatasi ulisita kidogo, kisha ukaenda. Vipande vilivyobaki nimetandika kwenye droo ya nyuzi.

Jumamosi, 27 Aprili

Leo nimekwenda kwa mwanangu. Mvua ilinikuta njiani, sikurudi. Nilikuta masufuria yamepangwa sebuleni yanakinga matone. Mkwe alikuwa anamwaga moja. Aliponiona akasimama, sufuria mkononi, akasema karibu mama, kwa sauti ya chini. Nimeisikiliza vizuri hiyo sauti leo. Ni ya mtu aliyechoka tu.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yakakimbia. Nikavua futi shingoni.

"Nyoosha mikono."

"Mama, mimi nguo nanunua dukani."

"Nimekuuliza unanunua wapi?"

Akaweka sufuria chini, akanyoosha. Nikampima mbele ya mumewe, yaliyotoka nikayasema kwa sauti, nikamwambia kitambaa kitaliwa. Mwanangu akageukia ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Neno la samahani halikupita kooni. Nimelijaribu tena sasa hivi peke yangu, limekwama pale pale. Nilimwambia hivi: siri ya mtoto uliitunza vizuri, ungekuwa fundi. Na gauni lako nitakuachia vidole vitatu.

Akanishika mkono wenye futi. Akasema, "Vitatu vinatosha, mama."

Nikawaambia chumba cha mbele kimefagiliwa. Jioni wamerudi na godoro.

Jumamosi, 4 Mei

Ameondoka asubuhi. Alivaa sare kutoka nyumbani, ingawa nilimwambia itachafuka njiani. Alipandisha begi kwenye paa la gari mwenyewe, mikono juu, na mshono haukulia. Mimi nilikuwa naangalia mgongo.

Sikumwambia anafanana na mtu. Nilimwambia asikope sabuni ya wenzake.

Jumatano, 8 Mei

Mkwe kaunguza maharage. Nimeangalia kuni. Zilikuwa mbichi.

Jumapili, 19 Mei

Jua siku nzima, na jana pia. Mafundi wamepanda kwa mwanangu kupiga bati. Gauni la mkwe limekwisha, limemkaa, na ameshaanza kuringa nalo shuleni, nasikia. Mke Mwenza amepiga simu, anasema amenenepa kwa chakula cha chuo na akiba imeanza kutumika. Nikamwambia aje likizo apimwe upya. Akauliza, kama ningempima asubuhi na akabadilika jioni je? Nikamwambia basi nitapima jioni, maswali mengine aulize walimu wake.

Daftari hili nililianzisha la kushtakia watu. Kurasa zilizobaki nitaandikia vipimo.

Nyuma ya mlango msumari uko palepale. Nilitaka kuung'oa, ukuta ungemeguka. Nimetundika mwavuli.